Nyanya bado za kijani na baridi ya Juni imefika: nizivundikeje?

Mama Bustani (Njombe)

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, na ikiwezekana niupate kabla wiki haijaisha.

Nina bustani ya nyanya bondeni, nje kidogo ya Njombe mjini. Mbegu ni Tanya. Mvua za Januari zilinichelewesha, miche ikakaa kitaluni kuliko kawaida, na shambani imeingia mwishoni mwa Februari. Imebeba vizuri mno, matawi yanalalia fito. Shida ni kwamba tunamaliza Mei na karibu zote bado za kijani. Chache zimeanza rangi kwa chini, nyingi ni kubwa lakini za kijani kabisa, halafu kule juu kuna vitunda vidogo vidogo na maua.

Jana asubuhi majani ya maboga ya jirani yangu, ambaye yuko chini zaidi karibu na mto, yamekutwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Kwangu haijafika, ila mwenyeji yeyote wa huku anajua Juni na Julai zinakuja na nini.

Nivune zote sasa hivi, au niziache mtini zijikongoje? Nikivuna, zipi zitaiva na zipi zitaniozea ndani? Kijana mmoja sokoni kaniambia ninunue kabaidi kwa wachomelea vyuma, niweke kipande ndani ya boksi, eti siku mbili zina rangi. Wanangu wanakula nyanya hizo hizo, sijalipenda hilo. Jirani mwingine anasema nizipange dirishani zipigwe jua. Mwenye uzoefu wa baridi ya nyanda za juu anisaidie jamani.

Dogo wa Sokoni

Pole mama. Tafuta boksi, weka nyanya na ndizi mbivu mbili tatu, funika, sukuma chini ya kitanda. Wiki moja au mbili unauza. Kabaidi achana nayo.

Mzee wa Vinyungu (Makambako)

Kamwene mama. Pole na baridi, na hongera kwa bustani kubeba.

Dogo hapo juu hajakosea, ila ameanzia katikati. Boksi na ndizi ni kazi ya mwisho. Nyanya itaiva au haitaiva kulingana na ilipokuwa imefika siku unaitoa mtini. Ikichumwa changa, hata uizungushie ndizi za Tukuyu nzima, itasinyaa ngozi, italegea, halafu itaoza ikiwa bado ya kijani. Kwa hiyo naomba tuanzie shambani, ndani ya nyumba tutaingia baadaye.

Mimi nyanya nilizijulia Ilula, pale barabara ya Iringa kwenda Morogoro. Nilikuwa nachambua na kupanga kwenye matenga ya kwenda Dar es Salaam. Nyanya iliyoiva kabisa haivuki mlima Kitonga salama. Ikifika sokoni Ilala ni rojo. Kwa hiyo biashara yote ya pale imesimama juu ya swali lako hili hili: ipi ni ya kijani lakini imekomaa, na ipi ni ya kijani kwa sababu ni changa? Kwa macho zinafanana sana. Wakulima walikuwa wanaleta mchanganyiko, wengine kwa kutojua, wengine kwa sababu ya shida ya hela.

Mama aliyekuwa anasimamia uchambuaji alikuwa na kisu kidogo chenye makali, amekifunga kwenye pindo la kanga. Mzigo ukifika, anachomoa nyanya moja katikati ya tenga, si ya juu, anaikata kwa upana wake, anafungua vipande viwili kwenye kiganja na kuinamia mbegu. Kama kisu kimepita kwenye mbegu na zimekatika, ukiona vile vipande vyeupe vya mbegu vimebaki vimeganda kwenye nyama kavu, nyanya hiyo ni changa, na mzigo wote unachambuliwa upya. Kama mbegu zimeteleza pembeni, kisu hakijaigusa hata moja, na vyumba vyake vimejaa ute unaovutika, hiyo imekomaa. Itaiva njiani, itaiva stoo, itaiva popote penye joto la kutosha. Hakubishana na mtu. Alikuwa anamwonyesha mkulima vipande viwili, basi.

Fanya hivyo kesho. Usikate zote, bila shaka. Chukua moja moja kutoka kimo tofauti cha mche: ya chini, ya katikati, ya juu. Kila unapokata, tazama kwanza ngozi yake kwa nje uikariri. Ya kijani iliyokomaa inang'aa kidogo, na ukijani wake umepauka, unaelekea weupe, hasa kitakoni, ambako mara nyingi utaona alama nyeupe iliyotawanyika kutoka katikati. Changa ina ukijani mzito usio na mng'ao. Ukubwa usikudanganye. Kwenye mche mmoja nyanya ndogo ya shada la chini inaweza kuwa imekomaa, na kubwa ya shada la juu ikawa bado. Ukishakata chache, jicho lako litazoea na kisu utakiweka pembeni.

Sasa swali lako la kuziacha mtini. Hapa watu wengi wa kwetu wanapoteza mali. Wanaona mche bado una majani, wanasema zijikongoje. Nyanya ni mmea wa joto. Usiku ukiwa chini ya nyuzijoto 10 mfululizo, tunda linaumia ndani kwa ndani, nje halionyeshi kitu. Unalivuna linaonekana zima, unaliweka boksini, halishiki rangi sawasawa, linakuwa na mabaka ya njano, halafu madoa meusi ya ukungu yanaanza kuzama kwenye ngozi. Watu wanalaumu boksi au ndizi, kumbe tunda liliumizwa na baridi shambani. Kama usiku wa kwenu umeanza kuwa wa namna hiyo, kila siku unayosubiri inapunguza idadi ya zitakazoiva.

Na sakitu yenyewe, ile barafu nyeupe ya asubuhi, ikilipiga tunda, usilihifadhi. Litaonekana limeloa maji ndani ya ngozi. La kupikwa siku hiyo hiyo kama bado ni gumu, vinginevyo litupe.

Umesema uko bondeni. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka mteremko na kutuama chini, ndiyo maana maboga ya jirani yako yameanza kabla yako. Vinyungu, hizi bustani zetu za bondeni, ni vizuri kwa maji ya kiangazi lakini ndiko sakitu inakofikia kwanza. Basi anza kuvuna matuta ya chini, yaliyo karibu na mto, kisha uende ukipanda juu. Usiku wa kuogopa ni ule usio na upepo wala mawingu, nyota zote ziko wazi. Ukiona jioni imetulia hivyo na vidole vimeanza kufa ganzi kabla ya kula chakula cha usiku, ujue.

Uvunaji: subiri umande ukauke. Nyanya yenye maji ikiingia boksini inaalika ukungu. Shika tunda kwa kiganja kizima, zungusha kidogo, litaachia kwenye kifundo. Toa kikonyo kabisa kama utazipanga zaidi ya safu moja, kwa sababu kikavu chake kinatoboa jirani. Zibebe kwenye ndoo isiyojaa sana. Usitumie kiroba: za chini zinakandamizwa, na mchubuko wa leo ndio uozo wa wiki ijayo. Usizioshe. Zenye udongo zifute kwa kitambaa kikavu.

Ukifika nyumbani chambua kwenye mkeka, mchana penye mwanga. Zilizoanza rangi weka peke yake. Hizo hazihitaji msaada wowote, na utamu wake utakaribia wa zile zilizoivia mtini, kwa sababu zilishachukua karibu chakula chote zilichokuwa zinapewa na majani. Za kijani zilizokomaa ndizo mzigo wako mkubwa. Changa zitenge kabisa, usizichanganye kwa huruma, zinachukua nafasi tu. Zenye jeraha, hata dogo, zipikwe.

Sasa ndiyo tuingie ndani. Kinachoivisha nyanya ni gesi iitwayo ethilini, ambayo tunda lenyewe linaitoa likishakomaa. Haina rangi, na kwa kiasi hicho huwezi kuinusa. Ndizi inayoiva inaitoa kwa wingi, ndiyo siri ya ndizi ya Dogo. Ila wewe uko Njombe mama, una parachichi hadi mlangoni! Parachichi linaloanza kulainika linatoa ethilini nyingi sana, na pesheni lililoiva nalo ni hodari. Weka moja au mawili kwenye boksi la nyanya, funika kwa gazeti au khanga kuukuu, liache lipumue. Usifunge kwenye mfuko wa nailoni. Utajaa jasho na nyanya zitaota ukungu. Likianza kuoza litoe, weka jingine. Na kinyume chake ukikumbuke: kama una parachichi za kuuza, usizilaze chumba kimoja na nyanya zinazoiva.

Jua halihitajiki hata kidogo. Nyanya inaivia gizani vizuri kabisa. Dirishani ndipo mahali pabaya kuliko pote: mchana kioo kinaichoma upande mmoja, usiku huo huo inagandishwa. Inachotaka ni joto la wastani lisiloyumba. Mimi natumia kipimajoto cha banda la vifaranga, nakilaza katikati ya boksi. Kwenye nyuzijoto 18 hadi 22, za kijani zilizokomaa zinachukua kama wiki mbili, pengine pungufu. Kwenye 13 hadi 15 zinachukua wiki tatu, nne, hata zaidi, lakini zinafika. Chini ya 10 zinagoma. Na juu ya 30 nazo zinaharibika kwa namna nyingine: ile rangi nyekundu haitengenezwi, zinabaki za njano na kulegea. Ndiyo maana kuziweka juu kabisa ya dohani au karibu na oveni ya mikate si akili.

Hizo tofauti za joto zitumie kwa faida yako, hili nalisisitiza. Usivundike zote kwa pamoja, utapata nyanya nyekundu za wiki moja na hujui uzipeleke wapi. Gawanya. Boksi moja lenye parachichi weka chumba chenye joto, mara nyingi ni kile kinachopakana na jiko. Mengine yapange bila tunda jingine lolote kwenye chumba cha baridi kidogo, si kile cha baridi kali. Kila la kwanza linapokaribia kuisha, hamisha la pili. Namna hiyo familia inakula nyanya zake mwenyewe mpaka Julai, na soko unalipelekea kidogo kidogo.

Panga safu moja, zikizidi mbili, gazeti katikati. Zikae zimelalia upande wa kikonyo, pale mabegani ndipo pagumu. Kila siku pitisha macho na mkono. Iliyoanza kuoza moja ikikaa siku mbili inaondoka na wenzake.

Kitu kimoja nakuomba kama mzazi: usiingize jiko la mkaa chumba cha kulala ili kupasha nyanya joto, madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu wamelala, na huku kwetu kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo. Hakuna nyanya yenye thamani hiyo.

Kabaidi usiiguse. Ikikutana na unyevu inatoa asetilini, gesi ya kuchomelea, ambayo inalidanganya tunda lipate rangi. Kabaidi ya viwandani ina mabaki ya aseniki na fosforasi, hizo ni sumu, na gesi yenyewe inawaka moto. Halafu inapaka rangi hata tunda changa, hivyo mnunuzi anapeleka nyumbani kitu chekundu kisicho na nyanya ndani. Anayekuuzia wazo hilo hafikirii watoto wako wala wa mteja wako.

Mama Bustani (Njombe)

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili, na leo mchana nimeingia shambani na kisu. Ni kweli kabisa! Za shada la kwanza na la pili mbegu zinateleza, zina ute. Za shada la tatu ni nusu kwa nusu. Za juu zote mbegu zimekatika. Nilikuwa nakaribia kuvuna kwa ukubwa.

Nina maswali mawili zaidi. Kuna zenye baka la kahawia begani, gumu, linaonekana kama lina mafuta. Na kuna nyingine ni safi kabisa ila zina kitundu kidogo sana karibu na kikonyo. Hizi nazo naweza kuvundika? Nasikitika kuzitupa.

Mzee wa Vinyungu (Makambako)

Marahaba binti yangu, umefanya vizuri.

Baka la kahawia gumu lenye mng'ao wa mafuta ni ugonjwa wa bakajani chelewa. Hali ya ubaridi na umande ndiyo unayoipenda. Hilo tunda halitaiva, na ukiliweka boksini litaambukiza yaliyo mazima. Litoe shambani, lifukie chini sana au lichome pamoja na majani yenye madoa. Usilitupe kwenye mboji wala pembeni mwa tuta, na kama una viazi mviringo karibu ndiyo uwe mwangalifu zaidi, maana ugonjwa ni huo huo mmoja. Na hata yale yasiyo na baka kutoka kwenye mche ulioathirika, yaweke boksi lake peke yake kwa siku nne tano kabla ya kuyaamini. Mara nyingi baka linajitokeza ndani ya nyumba.

Kitundu karibu na kikonyo ni kazi ya kantangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya. Tangu aingie nchini mwaka 2014 ametunyanyasa sana. Anaingilia pale chini ya ule ushungi wa kijani ambapo dawa haifiki, na ukimwingiza ndani na tunda anaendelea kula, halafu anatoka kipepeo anatafuta nyingine. Pasua moja utamwona. Tunda lenye kitundu kimoja kilicho kikavu unaweza kulikata, ukatoa sehemu aliyopita, ukapika siku hiyo. Kulihifadhi hapana.

Najua inauma kuzitupa. Lakini nimeona boksi zima la mtu likigeuka maji kwa ajili ya nyanya tatu alizozionea huruma.

Tanya ni bahati yako katika hili. Yeye na mwenzake Tengeru 97 walitolewa na kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997, na Tanya ana ngozi ngumu, anavumilia boksi na safari. Ingekuwa mbegu ya Money Maker, ungekuwa unaiangalia asubuhi na jioni.

Mbena wa Minnesota

Wakuu, niongeze kidogo kutoka mbali. Mimi ni mtoto wa Wanging'ombe, naishi Minneapolis, tuna vijibustani vya pamoja mtaani. Huku suala la nyanya za kijani ni la kila mtu kila mwaka, kwa sababu sakitu ya kwanza inaingia mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba na inaua mche wote usiku mmoja. Wazee wa huku wanakunja kila nyanya kwenye kipande cha gazeti peke yake, wanapanga kwenye boksi la chini chini, wanateremsha chumba cha chini ya nyumba ambacho hakiyumbi joto. Faida ya gazeti ni kwamba moja ikioza, maji yake hayamfikii jirani. Hasara yake ni kuwa inabidi ufungue moja moja kuangalia, na mvivu anachoka.

Wengine wanang'oa mche mzima na matunda yake, wanakung'uta udongo, wanautundika kichwa chini stoo. Inafanya kazi kama mche ni mzima. Kama una hayo mabaka aliyosema mzee, usithubutu, utakuwa umeingiza ugonjwa ndani kwa miguu yako.

Na friji mwiko mpaka ziive. Ladha inapotea kabisa.

Dada wa Mgahawa

Mama Bustani, hizo changa ulizotenga usizitupe. Mimi nina mgahawa mdogo na nyanya changa zisizo na ugonjwa nazinunua kwa ndoo.

Achari: zikate vipande vyembamba, zinyunyizie chumvi, zilale usiku mzima kwenye chujio juu ya beseni. Asubuhi zimetoa maji mengi ya kijani, yamwage, zikamue kidogo. Kaanga kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa kwenye mafuta kiasi, weka binzari ya manjano na pilipili kichaa, mimina siki na sukari, ikichemka ingiza nyanya. Usizipike hadi zivunjike, ziache ziwe na mkwaruzo. Weka kwenye chupa za kioo ulizochemsha zikakauka, funika ikiwa ya moto. Wateja wa wali maharage wananiulizia hiyo kabla ya nyama.

Nyingine naikatakata ndogo kwenye dagaa badala ya limau, uchachu wake unakata shombo vizuri. Ila zipikwe, usiwape watoto wazitafune mbichi nyingi, zile changa sana zina uchungu unaosumbua tumbo. Majani yake usipike kabisa.

Mama Bustani (Njombe)

Asanteni sana wote. Nimeshavuna matuta manne ya chini, nimechambua kama mzee alivyosema. Parachichi liko boksini. Dada wa Mgahawa, nina ndoo mbili za changa, naanza na achari yako.

Mzee, zimebaki za juu kwenye matuta ya mteremkoni, shada la tatu. Sipendi kuzichuma kabla hazijakomaa. Kuna namna ya kuzinunulia wiki mbili?

Mzee wa Vinyungu (Makambako)

Ipo. Kesho pita na mkasi au kisu safi, kata vichwa vya miche yote na maua yote yaliyobaki, pamoja na vitunda vidogo kabisa ambavyo havitafika popote. Kutoka ua hadi tunda kukomaa ni zaidi ya mwezi hata kwenye joto, kwa baridi hii hayo maua hayana safari. Mche ukishakatwa hapo, nguvu yote inaenda kwenye shada la tatu. Majani yanayolifunika lile shada usiyatoe, ndiyo yanayolilisha na ndiyo blanketi lake.

Maji punguza, lakini usikaushe. Siku yenye dalili ya sakitu mwagilia mchana mapema, shinani tu, majani yabaki makavu. Udongo wenye unyevu unahifadhi joto la jua na kulitoa usiku. Jioni kabla jua halijazama tandaza shuka kuukuu au viroba vilivyofumuliwa juu ya fito, vifike hadi chini pande zote. Visipofika chini joto linapotea lote. Nailoni ukiitumia isiguse majani, kwa sababu inapogusa ndipo panapoungua. Asubuhi jua likishapanda ondoa, zisije zikapikwa.

Kila baada ya siku mbili kata nyanya moja ya shada hilo. Siku mbegu zitakapoteleza, vuna zote siku hiyo hiyo hata kama jua limetoka vizuri na unajisikia kuziacha.

Za kuuza, peleka Makambako zikiwa zimeanza rangi, usisubiri ziwe nyekundu. Wachukuaji wa Songea na wa Mbeya wote wanapita pale, na wote wanataka nyanya yenye siku kadhaa mbele yake. Tenga jaza hadi usawa wa mdomo, usikubali dalali akulazimishe rumbesa, yaani kujaza kupita kipimo. Wewe unapunjwa, na za chini zinapasuka.